Seli zinavyojifanya upya na kinachozizeesha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi zaidi kwa watu wa Unguja na Pemba wakizungumzia uzee, ngozi, damu na zile dawa za "kurudisha ujana" zinazouzwa madukani na mitandaoni. Seli ni chembe hai ndogo zinazoujenga mwili. Za aina moja zikikaa pamoja kufanya kazi moja huitwa tishu.

Ni kweli mwili wote hubadilika kila miaka saba?

Hapana. Kila tishu ina saa yake. Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba hubadilisha seli zake kila baada ya siku 3 hadi 5, kwa sababu husuguliwa na chakula na kuchomwa na majimaji ya kumeng'enya usiku na mchana. Chembe sahani zinazogandisha damu huishi siku 8 hadi 10. Ngozi ya juu huchukua wiki 4 hadi 6 hivi, na chembe nyekundu za damu siku 120. Mifupa hubomolewa na kujengwa upya kwa kiasi cha asilimia 10 kila mwaka.

Halafu kuna seli ulizozaliwa nazo na utakazozikwa nazo: karibu neva zote za gamba la ubongo, na kiini cha lenzi ya jicho kilichotengenezwa ukiwa bado tumboni mwa mama yako. Enameli nayo, jino likishatoka kwenye ufizi, haina hata seli moja hai, ndiyo maana jino lililotoboka halijizibi.

Ukijumlisha yote, mtu mzima hubadilisha seli kama bilioni 330 kwa siku. Zaidi ya nne kwa tano ya hizo ni za damu, na nyingi zilizobaki ni za utumbo.

Naweza kuliona jambo hili kwa macho yangu?

Unaweza, na Zanzibar kipimo chake kipo kila nyumba yenye harusi: hina. Rangi ya hina hushika keratini, protini ngumu iliyomo kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi, kwenye nywele na kwenye kucha. Haifiki kwenye seli hai zilizo chini. Kwa hiyo ua lililochorwa mgongoni mwa mkono limechorwa juu ya seli zilizokwisha kufa, na likififia baada ya wiki moja au mbili, ujue seli zenyewe zimebanduka na kuondoka na rangi yake. Kiganja na wayo hukolea zaidi kwa sababu hapo tabaka la seli zilizokufa ni nene kuliko mahali pengine popote mwilini.

Kucha ni saa nzuri zaidi, maana unaweza kuisoma kwa rula. Bi harusi aliyepakwa hina leo, mwezi mmoja baadaye ataona ukanda usio na rangi, wa milimita 3 hivi, kati ya ngozi na pale rangi inapoanzia. Ukucha wa mkono hubadilika wote kwa miezi 6 hivi. Wa mguu huenda nusu ya mwendo huo, na kidole gumba cha mguu huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mmoja na nusu.

Ukishazoea kipimo hiki utasoma na mengine. Mtu aliyeugua sana, kwa mfano malaria kali, huweza kupata mfereji uliokata upana wa kucha zake zote. Ni alama ya siku ambazo mwili ulisimamisha kazi ya kutengeneza kucha ili nguvu ziende kwenye kupambana na maradhi. Mfereji ulio milimita 6 kutoka kwenye ngozi unasema ugonjwa ulikuwa miezi miwili na kidogo iliyopita. Wenyewe hauhitaji dawa, utasogea mpaka ukatwe pamoja na ukucha.

Haya ni ya hina ya majani. Piko ni jambo jingine kabisa. Weusi wake hutokana na kemikali ya rangi za nywele iitwayo parafenilenediamini, na hiyo hupenya hadi kwenye seli hai na kuamsha kinga ya mwili. Wengine hupata malengelenge na makovu yenye umbo la ua lile lile lililochorwa. Na kinga ikishaikumbuka kemikali hiyo haisahau: mtu aliyebabuka kwa piko leo anaweza kuvimba uso vibaya miaka 10 baadaye akipaka rangi ya nywele. Watoto wasipakwe piko hata siku ya Idi.

Seli mpya hutoka wapi?

Hutoka kwa seli shina. Fikiria mgomba. Ukishazaa mkungu hukatwa, na chipukizi huinuka kutoka kwenye kitako kilichomo ardhini. Majani yakichanwa na upepo wa kusi si neno. Kitako kikioza, shamba limekwisha. Seli shina ndizo kitako hicho. Ikigawanyika, seli moja hubaki pale pale kuwa shina, na nyingine huondoka, huongezeka mara kadhaa, kisha hugeuka kuwa ngozi, damu au utumbo.

Mahali pao pamefichwa. Kwenye ngozi zimo tabaka la chini kabisa la ngozi ya juu na kwenye mashimo ya nywele. Kwenye utumbo zimo ndani ya vishimo vidogo mno, mbali na msuguano wa chakula. Timu ya Hans Clevers huko Uholanzi ilizitambulisha mwaka 2007. Za damu zimo kwenye uboho wa mifupa, na waliothibitisha kuwapo kwake ni James Till na Ernest McCulloch wa Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mwenye mgonjwa wa saratani anayetibiwa kwa dawa za kuua seli ana haja ya kulielewa hili. Dawa hizo hupiga seli zinazogawanyika kwa kasi, na mwili hauna haraka kuliko kwenye uboho, mdomo, utumbo na nywele. Ndiyo sababu mgonjwa hunyonyoka nywele, hupata vidonda mdomoni, na chembe nyeupe zake hushuka chini kabisa kama siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dozi. Katika siku hizo, joto la mwili likifika nyuzi 38, apelekwe spitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Asipewe panadol kwanza kusubiri asubuhi.

Kama seli hubadilishwa, kwa nini tunazeeka?

Kwa sababu seli shina zenyewe huchakaa, na kwa sababu kila nakala mpya ni nafasi ya kukosea. Mambo matatu ndiyo mazito.

La kwanza ni kikomo cha kugawanyika. Mwaka 1961, Leonard Hayflick na Paul Moorhead wa Philadelphia walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zikifugwa kwenye chupa hugawanyika mara 40 hadi 60 hivi, kisha husimama. Kabla yao iliaminika kwamba seli zikitunzwa vizuri haziachi kugawanyika. Sababu iko kwenye ncha za kromosomu, zile nyuzi za DNA zinazobeba maagizo ya urithi ndani ya seli. Ncha hizo huitwa telomea. Anayesuka mikeka anaijua kazi yake: mkeka usiopindwa ukingoni huanza kufumuka ukili kwa ukili. Telomea ndiyo pindo la kromosomu, herufi za DNA TTAGGG zikirudiwa maelfu ya mara. Kila seli inapogawanyika, pindo hupungua herufi kati ya 50 na 200, kwa sababu mashine ya kunakili haiwezi kufika mwisho kabisa wa uzi. Pindo likiwa fupi mno, seli hujizuia isigawanyike tena.

La pili ni madhara ya kila siku kwenye DNA. Kila seli hupata maelfu kwa maelfu ya mikwaruzo kwa siku, mingine kwa jua na moshi, mingi kwa maji na oksijeni ya mwilini mwenyewe. Zipo protini za kurekebisha, na Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015 kwa kueleza zinavyofanya kazi. Protini iitwayo p53 ndiyo msimamizi: ikiona uharibifu humsimamisha fundi wa kunakili mpaka urekebishwe, na ukiwa mkubwa mno huiamuru seli ife. Makosa yanayoponyoka hapo ndiyo hujikusanya mwaka baada ya mwaka.

La tatu ni seli kongwe, zenye swali lao hapa chini.

Ipo dawa ya kurefusha telomea?

Mwili wenyewe unayo. Ni kimeng'enya kiitwacho telomerezi, kilichogunduliwa na Carol Greider na Elizabeth Blackburn mwaka 1984 katika kiumbe kidogo cha majini. Wao na Jack Szostak walipata Nobel mwaka 2009. Hufanya kazi kwenye seli za uzazi na kidogo kwenye seli shina, lakini seli nyingi za kawaida zimekizima.

Kuzimwa kwake ni ulinzi. Seli yenye kasoro ikifika kikomo husimama, na saratani hukata tamaa hapo. Uvimbe wa saratani unaofaulu kuendelea, asilimia 85 hadi 90 ya wakati, umefaulu kwa kukiwasha tena kimeng'enya hiki. Anayekuuzia kidonge cha "kuwasha telomerezi" anakuuzia kitu ambacho, kama kingefanya kazi kweli kila mahali mwilini, kingempa nguvu adui huyo huyo. Pesa hiyo nunua samaki.

Seli kongwe ni nini, na zinaweza kutolewa?

Ni seli iliyosimama kugawanyika lakini haikufa. Ingekaa kimya isingekuwa na shida. Tatizo ni kwamba hutoa kemikali za uvimbe zinazowasumbua majirani wake na kuwaharakisha nao kuzeeka. Ukiwa kijana, kinga ya mwili huzifagia. Uzeeni ufagiaji hulegea na zenyewe zimeongezeka, hivyo viungo huuma, mishipa hukakamaa, vidonda huchelewa kufunga.

Mwaka 2011, watafiti wa Marekani waliziondoa seli hizo kwenye panya waliofanywa wazeeke mapema, na macho na misuli ya panya hao ilichelewa kuharibika. Tangu hapo dawa za kuziua zinajaribiwa kwa binadamu, hasa dasatinibu pamoja na kwesetini, kemikali itokayo kwenye mimea. Dasatinibu ni dawa ya saratani ya damu. Hushusha chembe sahani na huweza kujaza maji kwenye mapafu. Asiyeshiriki utafiti chini ya madaktari asiinunue kujitibu uzee. Na si kila seli kongwe ni mbaya: kidonda kibichi huzihitaji kwa siku chache ili kifunge vizuri.

Nile nini ili mwili utengeneze damu mpya?

Uboho hutoa chembe nyekundu zaidi ya milioni 2 kila sekunde, na kiwanda cha namna hiyo husimama upesi kikikosa vifaa. Vifaa vikubwa ni vitatu: madini ya chuma, foleti na vitamini B12. Foleti na B12 ni za kunakili DNA. Zikikosekana seli huwa kubwa, chache na dhaifu.

Chuma kina hesabu ya kuvutia. Kila siku uboho hutumia miligramu 20 hadi 25, lakini kutoka kwenye chakula mwili hufyonza 1 au 2 tu. Zilizobaki hutoka kwa chembe zilizozeeka. Zikifikisha siku 120 huwa hazipindiki tena kupita kwenye vijia vyembamba vya wengu, hunaswa, huliwa, na chuma chake hurudishwa kazini. Kwa hiyo mwenye kutokwa damu, kwa hedhi nzito, minyoo ya safura au kichocho, anapoteza akiba ambayo chakula cha wiki moja hakiwezi kuirudisha.

Kwa vitendo:

Kula dagaa, samaki, ini, au kunde na mchicha. Pweza na chaza wana B12 nyingi. Mboga zisichemshwe saa nzima, foleti huharibika kwa moto na hutoka na maji yanayomwagwa.

Kamulia ndimu au kula embe, chungwa au pera kwenye mlo huo huo. Vitamini C huongeza chuma kinachofyonzwa kutoka kwenye mboga na nafaka.

Chai na kahawa ziwe mbali na mlo, saa moja au zaidi. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, maana chai ya rangi hufuatana na chakula asubuhi na usiku, na tanini zake hukishika chuma kabla hakijaingia damuni.

Ukipewa vidonge vya chuma, choo cheusi ni kawaida. Damu huanza kupanda ndani ya wiki 2 hadi 4, lakini vidonge huendelea kama miezi 3 baada ya kipimo kuwa sawa, ili akiba ijae. Wengi huacha wakishapata nguvu, na baada ya muda kizunguzungu hurudi. Viwekwe mbali na watoto, vidonge vichache vyaweza kumuua mdogo.

Mwenye selimundu, chembe zake huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120, kwa hiyo uboho wake hukimbia usiku na mchana na huhitaji vidonge vya foleti kila siku. Chuma asijipe mwenyewe bila kupimwa. Na mwenye kisukari anayetumia metformini kwa miaka mingi aombe kupimwa B12, kwa kuwa dawa hiyo hupunguza kufyonzwa kwake.

Kipimo cha sukari cha miezi mitatu kinahusiana vipi na haya?

Kinategemea umri wa chembe nyekundu moja kwa moja. Sukari hugandama kwenye hemoglobini, protini nyekundu iliyomo ndani ya chembe hizo, muda wote chembe inapokuwa hai, hivyo kipimo cha HbA1c hueleza wastani wa miezi 2 hadi 3. Kama chembe zinakufa mapema, kwa mfano kwa selimundu, au mtu ameongezewa damu, kipimo hudanganya, mara nyingi kwa kusoma chini. Mwambie daktari habari hizo kabla hujafurahia jibu zuri.

Funga ya Ramadhani husafisha seli?

Kila seli hula taka zake: hukusanya protini zilizokunjika vibaya na sehemu zilizochakaa, huzifunga kwenye kifuko na kuzimeng'enya ili vipande vitumike tena. Yoshinori Ohsumi wa Japani alipata Nobel mwaka 2016 kwa kuonyesha mfumo huu kwenye hamira. Kazi hiyo huongezeka mwili unapokosa chakula, insulini ikishuka. Funga yetu ni ya saa 13 na kitu, na haitofautiani sana mwaka hadi mwaka kwa sababu tuko karibu na ikweta. Ini hufikia kupungukiwa akiba yake ya sukari jioni, hivyo mwelekeo ni huo huo. Lakini zile jedwali za mtandaoni zinazotaja saa kamili ambapo "usafishaji huanza" zimechukuliwa kwa panya, ambaye siku moja ya njaa kwake ni nzito kuliko kwa mtu.

Ibada ina sababu zake na haihitaji kutetewa na maabara. Kwa upande wa mwili, faida nyingi hupotea futari ikiwa ni kaimati, sambusa na sharubati ya sukari hadi usiku wa manane. Anza na tende na maji, kisha uji au mihogo, samaki na mboga. Vya mafuta viwe vya kuonja.

Mwenye kisukari anayechoma insulini au kutumia dawa kama gliklazidi aonane na daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama. Kupima sukari kwa kidole hakufunguzi. Ikishuka chini ya 3.9 mmol/L au ikipita 16.6, afungue hapo hapo hata kama adhana imebaki dakika 10. Mgonjwa amepewa ruhusa.

Singo na liwa hutengeneza ngozi mpya?

Hubandua ile ya zamani, ambayo ni kazi nzuri pia. Msuguo wa singo huondoa seli zilizokufa ambazo zingeanguka zenyewe siku chache baadaye, na mwanga huakisiwa vizuri kwenye ngozi laini, ndiyo ule mng'ao wa bi harusi. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Ukisugua kila siku hadi ngozi iwashe, umefika kwenye seli hai, na ngozi hujibu kwa kuwa nene na nyeusi zaidi.

Mkorogo ni hatari ya aina nyingine. Nyingi zina steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki. Steroidi huzizuia seli za tabaka la chini zisigawanyike: ngozi huwa nyembamba kama karatasi, mishipa huonekana, michirizi hutokea, na mshono wa upasuaji hukataa kushika. Zebaki hupita hadi kwenye figo. Aliyetumia steroidi kwa muda mrefu asiache ghafla, aende kwa daktari wa ngozi apunguziwe taratibu.

Ngozi yetu nyeusi inahitaji kukingwa na jua?

Melanini hutukinga vyema, kama krimu ya jua yenye kinga ya namba 13 (SPF 13) hivi kwa ngozi nyeusi sana. Hata hivyo Unguja iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, na jua la adhuhuri hapa huwa kwenye daraja la juu kabisa la hatari. Miale ya UVA hushuka hadi ngozi ya chini na kukata nyuzi za kolajeni, ambazo mwili hujenga polepole mno.

Wakulima wa mwani wa Paje, Jambiani na Bwejuu hupigwa mara mbili: kutoka juu, na kutoka chini, maana mchanga mkavu hurudisha kama asilimia 15 ya miale na povu la bahari asilimia 25. Kofia pana peke yake haizuii ya chini. Nguo ya mikono mirefu iliyofumwa kwa kubana ndiyo kinga kubwa, na ikumbukwe kwamba nguo nyembamba ya pamba ikilowa hupitisha miale mingi zaidi. Miwani ya jua huchelewesha mtoto wa jicho.

Mwenye ualbino hana melanini ya kumkinga, kwa hiyo hili kwake ni la uhai: krimu ya SPF 30 au zaidi kila baada ya saa 2, uso na shingo zitumie urefu wa vidole viwili vya krimu, na ngozi ikaguliwe na mtaalamu angalau kila miezi 6.

Karafuu huzuia kuzeeka?

Eujenoli iliyomo kwenye karafuu hukamata kemikali haribifu kwa nguvu sana ndani ya chupa ya maabara. Ndani ya mwili, ini huibadilisha na kuitoa kwa haraka. Karafuu ndani ya pilau na chai ni chakula kizuri na ni fahari ya Pemba. Mafuta ya karafuu lakini ni dawa kali: mililita 5 hadi 10 zimewahi kuharibu ini la mtoto mdogo. Tone kwenye pamba kwa jino linalouma mtu mzima, sawa. Kumnywesha mtoto, hapana.

Unga wa kolajeni na krimu za "seli shina za tufaha"?

Kolajeni ikiliwa humeng'enywa kama nyama yoyote na kuwa asidi amino. Seli ya mmea haiwezi kuwa ngozi ya mtu, na ndani ya kopo imeshakufa.

Moyo na ini hujitengeneza?

Watafiti wa Sweden walitumia kaboni ya majaribio ya mabomu ya nyuklia, iliyoingia kwenye DNA ya kila aliyekuwa hai, kama mhuri wa tarehe. Mwaka 2009 walieleza kwamba misuli ya moyo hubadilisha asilimia 1 ya seli kwa mwaka katika umri wa miaka 25, na chini ya nusu ya hiyo ukifika 75. Ndiyo maana shambulio la moyo huacha kovu, na kila dakika ya kuchelewa kufika spitali ni misuli isiyorudi.

Ini ni kinyume. Likikatwa theluthi mbili hukua tena kufikia ukubwa wake ndani ya wiki na miezi. Kinachoshinda uwezo huo ni jeraha lisilokoma: homa ya ini B, pombe, na sumukuvu ya karanga na mahindi yaliyoota ukungu, ambayo huiharibu jeni ya p53 yenyewe. Karanga yenye ukungu haiponi kwa kukaangwa. Itupwe.

Kidonda kiachwe kikauke?

Hapana. Seli za pembeni hutambaa juu ya unyevu kulifunga jeraha. Kigaga kikavu huzilazimisha kuchimba chini yake. Osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni pembeni, weka vaselini safi, funika, badilisha kila siku. Ukiungua moto: maji baridi ya bomba dakika 20, bila dawa ya meno, yai wala samli. Hata jeraha likifunga, kovu huendelea kujipanga hadi mwaka, na nguvu yake haifiki zaidi ya asilimia 80 ya ngozi ya awali.

Mvi zinaweza kurudi nyeusi?

Seli shina za rangi kwenye shina la unywele zikiisha, hapana. Hina hupaka rangi unywele uliokwisha kufa.

Mazoezi yana faida gani kwa seli?

Misuli ina seli shina zake, na huamka ikitumika. Dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi, na mara mbili kwa wiki kubeba vizito. Mzee anayenyanyuka kitini mara 10 bila kushika mikono anafanya zoezi la maana kabisa, mradi ale samaki, mayai au maharage ya kujengea.

Tambuu na kahawa ya moto vinaingiaje hapa?

Vinaingia kwenye mdomo, tishu inayosamehe sana mpaka siku inapokataa. Ngozi laini ya ndani ya shavu hubadilika kwa wiki 2 hadi 3 hivi, ndiyo maana ukijiuma leo, Ijumaa ya pili umeshasahau. Tambuu yenye popoo, chokaa na tumbaku huwekwa upande ule ule wa shavu kila siku. Chokaa huchoma, seli za chini hulazimika kugawanyika zaidi kufidia, na kila nakala hutokea huku kemikali za popoo na tumbaku zikiikwaruza DNA. Popoo peke yake, bila tumbaku, imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwenye kundi la visababishi vya uhakika. Pia huzifanya nyuzi za chini ya shavu zikakamae, mpaka mtu anashindwa kufungua mdomo kuingiza vidole vitatu vilivyosimamishwa. Shirika hilo hilo lilisema mwaka 2016 kwamba vinywaji vinavyopita nyuzi joto 65 yumkini husababisha saratani ya koo la chakula, basi kikombe cha kahawa pale barazani kipe dakika chache kipoe.

Anayetafuna ajikague mara moja kwa mwezi, kwenye mwanga wa dirisha na kioo. Vuta shavu moja nje kwa kidole, kisha jingine. Inua ulimi uone chini yake, utoe nje uone pembeni zote mbili. Pitisha kidole safi kutafuta pagumu. Unachotafuta ni baka jeupe lisilofutika kwa kitambaa, baka jekundu, uvimbe, au kidonda. Andika tarehe ulipokiona. Kwa kuwa shavu la kawaida hujifanya upya ndani ya muda huo, chochote kilichopo bado baada ya wiki 3 hakiwezi kuwa cha kujiuma. Kionyeshwe kwa daktari wa meno au wa koo, hata kama hakiumi.